Kabla Hatujaivunja Nyumba ya Kibokoni

Mwanangu, adhuhuri moja ya miaka ya tisini haijanitoka moyoni. Niliingia Kibokoni, mtaa wetu wa kale, na fundi kupima nyumba ya marehemu baba, ili tuivunje. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Nilitaka ghorofa nne za saruji, vyumba vya kupangisha.

Shangazi Rukia, dadake baba, aliyeishi juu peke yake, hakubishana nami. Alinitazama jasho linavyonitiririka, akasema, "Hebu panda ulale kidogo. Ukiamka, uvunje."

Nikajilaza kwenye mkeka. Kuta zile nene za mawe na chokaa zilikuwa baridi kama mtungi. Upepo ulipenya dirishani, mwanga ukacheza ukutani mithili ya maji, na sauti za uchochoroni zikaja kwa mbali, laini. Usingizini nilimsikia mama, aliyenizaa chumba kilekile, akiniita jina la utotoni. Nilipoamka alasiri, kwa kitambo sikujua nina miaka mingapi.

Nikashuka. Ukumbini nikawakuta wanawake watano wamejinyoosha, wawili waja wazito. Kumbe kila siku walikuja pale kukimbia joto la vyumba vyao vya mabati. Mmoja wa hao wawili, Mama Salma, akajiinua kwa taabu.

"Twasikia wavunja," akasema. "Sasa sisi twende wapi?"

Nikageuka. Nikamwona Shangazi mlangoni, akitazama kwingine ili asiniaibishe.

Kesho yake nilimwambia fundi tubadilishe kazi. Tulibandua saruji aliyopaka baba, maana ilifungia unyevu ukutani, tukapaka chokaa. Boriti zilizooza tukazitoa, tukatia mpya, tukavuta maji na umeme. Chini pakawa zahanati ya kina mama, ikisimamiwa na mkunga mstaafu wa mtaa wa Makadara. Mama Salma ndiye aliyejifungua wa kwanza, mtoto wa kike. Shangazi alikaa juu hadi alipofariki, na kila kichanga kilipolia alicheka peke yake.

Basi nakusihi, mwanangu: ukirithi nyumba kongwe, usianze na nyundo. Kaa ndani yake kwanza, uulize inamfaa nani, na kazi gani nyingine inaiweza. Kilichooza kitoe, kilicho kizima kiache kisimame. Mimi nilikaribia kuwafukuza watu ambao hata sikujua wamo.

Mola akujaalie nyumba isiyokosa sauti za watu, na umri mrefu wa kuzisikia. Amina.