Chaki Kwenye Mstari Mpya

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoaibishwa na suruali yangu mwenyewe, na mpaka leo nikiiwaza nacheka. Nilikuwa kijana, nimetoka kusoma chuo kikuu cha Maseno juzijuzi, nikifundisha watu wa mtaa wa Manyatta kuandika programu za kompyuta katika ukumbi wa kanisa. Kichwa kilikuwa kimenivimba kweli.

Masomo niliyaandika mwenyewe. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilibeba programu nzima, mistari arobaini, hata kama iliyobadilika ni miwili tu. Ni ipi hiyo miwili? Sikuonyesha. Nilidhani mwenye akili ataiona.

Mama Adhiambo, fundi wa nguo aliyeketi mbele, hakuiona. Alitaka programu ya kumtunzia vipimo vya wateja, maana daftari lake lililoa mvua na vipimo vyote vikafutika. Kila hatua alianza kuandika upya tangu mstari wa kwanza, akaharibu hata alipokuwa amepatia. Aliponiuliza kipya ni kipi, nilimjibu, "Linganisha tu, Mama."

Basi Jumamosi hiyo akanirudishia suruali niliyompa airekebishe. Aliitupa mezani darasa zima likitazama.

"Mwalimu, hapo nimebadilisha mahali tatu. Hebu nionyeshe."

Nikaigeuza ndani nje. Pindo nililiona. Mengine, wapi! Jasho likanitoka, darasa likaangua kicheko.

"Linganisha tu, Mwalimu," akasema, yeye hacheki. "Mimi mteja akijaribu nguo, natia chaki pale tu nitashona. Siwezi paka nguo yote, na siwezi acha bila. Wewe unatuachanga bila. Mimi nimechoka, sirudi tena."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nikamsihi anipe wiki moja tu.

Nilinunua kalamu ya njano nikapaka kila mstari mpya, karatasi baada ya karatasi, na pembeni nikaeleza kwa maneno machache mstari huo umekuja kufanya nini. Ulioondolewa niliukata kwa wino mwekundu. Mama Adhiambo akarudi, amenuna. Akaandika ile mistari ya njano peke yake, akabonyeza.

"Aii! Imekubali!"

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vipimo vya mteja wake wa kwanza: kiuno changu, na urefu wa mguu wangu. Nilifurahi kuliko siku niliyohitimu.

Sasa nasikia nawe unaandika masomo ya wanaoanza. Tia rangi palipobadilika, hapo tu, useme na sababu. Ukipaka kila kitu, umerudi kulekule kwa kutopaka. Na anayekuuliza kipya ni kipi usimcheke. Huenda anakufundisha kazi yako.

Mungu akujalie mikono mizuri na subira, na katika kila darasa lako akuketishie mbele fundi mmoja wa nguo asiyekuogopa.