Rhobi na Friji ya Chanjo

Rhobi alikuwa mwanamke na fundi hasa wa friji, na ukileta shaka alikutolea uvivu hapohapo. Miaka ile dhahabu ilipoleta Kewanja watu wa kila mkoa, baa zilijaa friji, na nyingi zilipita mikononi mwake. Lakini friji ya chanjo ya zahanati ilimtoa jasho. Aliitengeneza mara mbili. Mara zote ilipoza nusu siku, ikaacha, kisha ikaanza tena.

"Chanjo zinakuja Alhamisi," alisema muuguzi Eufrasia. "Isipopona, akina mama watapeleka watoto mpaka Tarime."

Mzee Chrispin wa kamati ya zahanati akaongeza la kuudhi: "Tuite fundi wa Mwanza. Mwanamume."

"Mzee wangu, mpaka Alhamisi friji hii ni yangu," Rhobi akajibu.

Ugonjwa aliujua. Unyevu ulibaki ndani ya mabomba, ukaganda kwenye kibomba chembamba na kuzuia gesi. Kewanja kila mteja ana haraka kama aliyeona dhahabu, naye alishazoea kuzima pampu ya kunyonya hewa mabombani mara tu mshale wa geji unapolala, kabla unyevu haujaisha.

Jumanne asubuhi, mwanawe mchanga akiwa mgongoni, alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kama wasichana wa Kikurya wanavyofundishwa, akasimama ghafla. Nani aliwahi kukausha kibuyu kwa kukipuliza tu? Ni moto unaotoa maji! Akajicheka. Jambo la jikoni alilijua tangu utoto, na kazini alijifanya mgeni.

Alibadilisha chujio la unyevu, akawasha pampu, na wakati ikinyonya akayapasha mabomba kwa matambara ya maji ya moto, saa baada ya saa. Akafunga valvu, akangoja. Mshale ukapanda: maji bado yamo. Akarudia. Jioni mshale ulilala, haukutikisika tena, ndipo akajaza gesi. Jumatano nzima friji haikuacha kupoza.

Alhamisi akina mama walikuja, lakini hakuna aliyetaka kutangulia. Mzee Chrispin alikuwa ameshawanong'oneza kwamba dawa zimewekwa kwenye friji iliyokufa mara mbili. Eufrasia aliwaonyesha kipimajoto, hawakukitazama.

Rhobi alichukia, tena sana. Akampita mzee yule, akamfungua mgongoni mwanawe wa miezi mitatu, akamkabidhi muuguzi.

"Anza na wangu."

Mtoto akapiga ukelele, na foleni ikasogea.