Klara wa Rwamgasa na gunia la mzee Ngassa

Saa moja asubuhi Klara Mabula anaketi chini, ananyoosha miguu na kuulaza ubao mapajani kama anayepakata mtoto. Anachomoa msumari wa kwanza kwa nyundo, anaunyoosha juu ya jiwe, anautia kwenye kopo. Wa pili. Wa tatu. Kisha anashika pembe ya gunia kuukuu na kulivuta taratibu lisichanike.

Leo halivuti mpaka mwisho. Mkono unasimama. Analirudisha gunia mahali pake, analifunika kwa kanga na kutazama pembeni.

"Mama Herman, umeumwa na nge?" anauliza Chausiku, anayetwanga mawe jirani yake.

"Msumari tu," anajibu Klara.

Hapa ni mwaloni Rwamgasa, wilayani Geita, mahali ambapo mawe yaliyotwangwa huoshwa ili kutafuta dhahabu. Mbao zenye kingo zimeinamishwa kandokando ya bwawa, na juu ya kila ubao limepigiliwa gunia la katani. Muoshaji humimina unga wa mawe pamoja na maji. Tope huteremka, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa kwenye nyuzi. Gunia likishapata upara, halinasi kitu. Hapo ndipo ubao huletwa kwa Klara, alibandue la zamani na kutandika jipya.

Klara, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alifika hapa mwaka 1981, miaka minne iliyopita, akitokea Samuye, mumewe akiwa amekwisha kufariki. Alianza kwa kuuza viazi vya kuchemsha. Sasa hulipwa shilingi ishirini kwa kila ubao, na magunia huyafuata mwenyewe Kagongwa kwa wafanyabiashara wa mpunga.

"Siku hizi gunia ni adimu kama sukari," anasema. "Na ukilipata huwezi kulipigilia hivi hivi. Unalisugua kwa brashi mpaka nyuzi zisimame kama nywele za mtu aliyeamshwa. Ukilitandika limelegea, maji yanapita chini yake. Unaosha bure."

Malipo yake mengine ni lile gunia kuukuu. Desturi ya mwaloni ni kwamba mwenye ubao hulisuuza mwenyewe mara tatu, maji yakiingia kwenye karai, kabla hajalikabidhi. Akishalikabidhi, kilichobaki ndani yake ni cha anayelibandua, na hakuna wa kumuuliza. Klara huyachoma magunia hayo na kuosha majivu yake. Mara nyingi hapati kitu. Akibahatika, hupata punje za kununulia chumvi na mafuta ya taa.

Gunia la asubuhi hii ni la mzee Ngassa. Upande wake wa kulia ni safi. Upande wa kushoto, kuanzia juu mpaka chini, unametameta kwa dhahabu.

"Sijawahi kuona nyingi hivi," anasema Klara kwa sauti ya chini. "Na si mara ya kwanza. Mara mbili zilizopita nililisuuza mwenyewe, nikayamwaga maji kwenye karai lake alipokwenda kula. Mzee haoni. Upande wa kushoto haoni kabisa."

Kumwambia hawezi. Alipoomba kazi hapa, wanaume walisema mwanamke asisogelee mbao, dhahabu itakimbia. Ngassa peke yake ndiye aliyemtupia ubao miguuni. "Pigilia tuone," alisema. Wengine walikuja baadaye.

"Nikimwambia haoni, atakayesikia ni nani? Mwalo mzima," anasema. "Nani atampa tena mchanga wake aoshe?"

Lakini kunyamaza nako kumeanza kuwa hatari. Siku ambazo gunia halijaletwa kwa Klara, dhahabu ya upande wa kushoto hubaki kwenye nyuzi au husombwa na maji. Ngassa huosha mawe ya shimo la kijana mmoja aitwaye Athanas na wenzake, na kwa wiki kadhaa sasa Athanas amekuwa akipita akisema bila kumtaja mtu, "Mawe ni yale yale. Dhahabu ndiyo inapungua. Sijui inaishia mfukoni mwa nani." Mwizi wa dhahabu Rwamgasa hafukuzwi kwa maneno matupu.

Mzee anakuja kuchukua ubao wake, akitembea polepole, kichwa amekigeuza kidogo upande mmoja.

"Mwangaluka, baba," Klara anamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Bado tu?"

"Baba, hili gunia ni zito. Limwagie maji tena."

"Nimelimwagia mara tatu."

"Huku upande wa..."

"Unataka nilifue kwa sabuni? Sema basi nilipige na pasi!"

Watu wanacheka. "Halafu uliweke sandukuni, mzee," anadakia Chausiku, "ulivae Krismasi!"

Ngassa hacheki. Ananyoosha mkono. "Lete ubao wangu. Nampelekea Valerian. Yule hana maneno mengi."

Valerian naye hubandua magunia, ng'ambo ya bwawa. Kweli hana maneno. Atalichoma gunia kama desturi inavyomruhusu, na jioni karai la mzee litakuwa tupu mbele ya Athanas.

Klara hauachii ubao. Wanauvutana kidogo, kisha anaushika mkono wa mzee, anaupitisha chini ya kanga na kuulaza upande wa kushoto wa gunia. Vidole vinateremka polepole. Vinasimama.

"Hapa hukusuuza, baba," anasema kwa kunong'ona. "Wala mara iliyopita. Huoni upande huu."

Mzee anakaa chini. Anauliza, "Ile ya mara iliyopita ilikwenda wapi?"

"Niliimwaga kwenye karai lako."

"Loo! Nami nikajisifu kwa watu kwamba mkono wangu bado una bahati."

Athanas anatokea akiwa na sururu begani. "Mzee, leo kuna kitu, au ni habari ile ile?"

Ngassa anageuza kichwa chote mpaka anampata. "Kipo. Kimebaki kwenye gunia. Sikuiba, Athanas. Sioni."

Mchi wa Chausiku unatulia ndani ya kinu. Athanas anachuchumaa, analifunua gunia, analitazama, kisha anayatazama macho ya mzee kwa muda mrefu. Anaiweka sururu chini.

"Pole, baba," anasema. "Sasa nani atatuoshea?"

Hapa mwaloni wanawake hutwanga, huchota maji na kuuza chakula. Mmoja tu ndiye anayepigilia magunia. Anayeosha hayupo.

"Mimi," anasema Klara.

Anauvuta ubao karibu yake.

"Nitaosha mimi. Baba atakaa hapa anielekeze, na fungu lake tutagawana. Miaka yote hii napigilia mbao za wenzangu, kumbe ninachotaka ni kuosha."