Mtumbwi Nyuma ya Rasi

Vitalia wa Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa mjane, na hakuna aliyelitilia shaka hilo. Mumewe, Mansuetus, alitoka kuvua, ziwa likachafuka, na tangu hapo hakuonekana tena, wala mtumbwi wake. Watu walilia msiba usio na maiti, misa ikasomwa. Vitalia akalea binti yake kwa kuuza usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, seremala Florian alikuwa amemchumbia, na padri alikwisha kutangaza ndoa yao kanisani mara mbili kati ya tatu zinazotakiwa.

Ndipo akafika Xaveri, Mmatengo wa milimani aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa kabla wanunuzi hao hawajamkosesha kazi. Sasa aliongoza wageni waliopenda kuogelea wakitazama samaki, na alitafuta fukwe zenye maji maangavu na mawe mengi, kwa kuwa mbuna, wale samaki wadogo wa buluu na manjano, hukaa penye mawe. Vitalia akampeleka nyuma ya rasi, mahali ambapo watu hawakwenda kwa sababu hapakuwa na mchanga wa kuanikia usipa.

Xaveri alifurahi mno. Akamsihi Vitalia naye ajaribu ile miwani ya kuzamia na mrija wake. Vitalia akakaza kanga, akainamisha uso majini. Samaki walimzunguka kama maua yanayotembea, naye akajisahau kabisa. Kisha, katikati ya majabali mawili, akaona mtumbwi.

Ubavuni ulikuwa na kiraka cha bati. Alikishikilia yeye mwenyewe siku Mansuetus alipokipigilia misumari.

Alitoka majini akihema, akanyoosha kidole. Xaveri akazama, akakawia, akaibuka uso umembadilika.

"Mama, haukuzamishwa na mawimbi," alisema polepole. "Umejazwa mawe, yamepangwa. Na chini umetobolewa kwa shoka."

Vitalia aliketi juu ya jiwe, kwenye jua kali. Nyavu hazikuwemo, Xaveri alimwambia. Akakumbuka blanketi jipya lililopotea nyumbani juma lile la msiba, ambalo alidhani limeibwa na waombolezaji. Alikuwa amemlilia mtu aliyejiondokea kwa miguu yake.

Angeweza kunyamaza, maana Xaveri alikwisha kuapa kutosema. Lakini jioni ile alimweleza Florian, na kesho yake padri. Padri alishika kichwa, akasema hawezi kutangaza mara ya tatu mpaka ijulikane kama Mansuetus yu hai.

Ilijulikana kabla ya mavuno. Mchuuzi aliyepitia Chiwanda, karibu na mpaka, alimkuta Mansuetus ng'ambo, Msumbiji, ana mke na watoto, mzima wa afya.

"Hakuuliza habari zetu?" Vitalia alitaka kujua.

Mchuuzi alitazama chini. "Aliuliza kama usipa unapatikana."

Florian hakuondoka. Walijenga nyumba, wakaishi pamoja bila ndoa ya kanisa, maana mume wa kwanza alikuwa hai, na kila Jumapili Vitalia alisali kwenye benchi la nyuma, bila kupokea komunyo. Wageni wa Xaveri walipoanza kuja, yeye na Florian ndio waliowapikia. Ila majini pale nyuma ya rasi Vitalia hakuingia tena.