Manseba Atanibeba

Mjomba wangu alisema sitavuka hata mpaka wa Kasumbalesa. Aliyasema hayo mbele ya watu waliokuja kuniaga nyumbani kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, akiwa na chupa ya bia mkononi, na bia ile niliinunua mimi. Jirani mmoja alisema India nitafika, ndiyo, lakini nitaishia kuosha sahani na shule nitaisahau. Binamu yangu, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa na la kwake: "Huyu hata akirudia, kutoka ku ndege mpaka mu mugini atashindwa. Batamuibia sakoshi, atalia kama mutoto."

Nilivuka Kasumbalesa. Nilivuka kwa basi, nikapanda ndege upande wa Zambia kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu huko, na nilikaa India mpaka nikapata diploma ya ufundi wa mashine za baridi: friji, friza, vyumba vya kuhifadhia nyama, vipoza hewa vya maofisi. Sikufeli somo hata moja. Wako wanaosema mambo kama haya kwa sauti ya chini ili waonekane wanyenyekevu. Mimi nayasema kwa sauti yangu ya kila siku.

Lakini sikwenda kwa mfuko wangu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mitwaba, alinikopesha. Watu wa shirika letu la parokia walinikopesha. Mama mmoja wa Kasomeno, anayeleta samaki wakavu mjini na ambaye alimjua marehemu mama yangu, alinikopesha pia. Hakuna aliyenitaka nitie sahihi mahali popote. Waliniambia tu kwamba nikirudi nitawarudishia. Kwa hiyo nilipokuwa nafunga sakoshi yangu, begi la kijani, kule India, sikuwa nafikiria sherehe. Nilikuwa nafikiria chumba kimoja kando ya barabara ya Kasapa, chenye mlango mpana na umeme wa kutosha kuendesha mashine. Rafiki yangu niliyesoma naye zamani alinitafutia. Mwenye nyumba, mama mjane, alikubali kuningojea mpaka asubuhi ya kufika kwangu na si zaidi ya hapo, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyetaka kufungua duka la dawa. Alitaka vitu viwili: garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa ya mbele, mkononi, na mtu mzima wa kusimama pamoja nami siku ya kulipa. Bila chumba hakuna kazi, na bila kazi ningebaki napita njia nyingine ili wale walionikopesha wasinione.

Anayerudi Lubumbashi kutoka Mputu, yaani Ulaya, na kwetu India nayo ni Mputu, hupokewa na jamaa nzima. Wanakodi basi dogo, wanavaa vitenge vya aina moja, wanakuja na vigelegele. Ni jambo zuri, na mimi ni mtu wa kupenda vigelegele. Ila mgeni akishatoka nje, basi ni lake, bia ni zake, kuku ni wake, na kila mkono ulionyooshwa unasubiri matabishi, zawadi yake ndogo ya pesa. Nimewahi kumwona mtu aliyefika asubuhi na suti ya vipande vitatu, na jioni anaomba nauli ya kwenda kumsalimu shangazi yake. Nilisema mimi hayo hayatanipata.

Nikapanga. Ndege yangu ilikuwa inatua alfajiri, na mtu anayetua alfajiri hulipa mara mbili asipokuwa na akili: analipa chumba cha usiku ambao hakuulala, na analipa taksi kwa bei ya mtu mwenye usingizi. Niliwaandikia masista wenye nyumba ya wageni si mbali na Kasapa. Kwao chumba kina kitanda, chandarua, ndoo ya maji ya moto, basi. Sista mpokea wageni akanijibu kwamba nikifika mapema naweza kuweka mzigo kwa mlinzi, nikanawa, nikanywa chai na wafanyakazi, na malipo yangu yataanza na usiku wa kwanza. Hayo ndiyo niliyotaka.

Dola zangu nilizilaza ndani ya jalada gumu la diploma, zikiwa zimenyooka, kwa sababu Lubumbashi dola yenye mkunjo au mchaniko inakataliwa kama maziwa yaliyoharibika. Faranga za Kongo nilizobaki nazo siku ya kuondoka nilikuwa nimezitunza miaka yote ndani ya soksi, ili nisilazimike kubadilisha pesa mlangoni kwa watu wanaomsoma mgeni usoni. Suti sikuvaa. Nilivaa shati la kazi na sandali. Mwenye suti anaitiwa bei ya suti.

Kuhusu usafiri, rafiki yangu aliniambia nisikodi taksi nzima. "Nje ya lango utakuta manseba," akaniandikia. "Nitakutumia mmoja wangu, tumeisha kupatana bei. Atatafuta muntu wa sakoshi ya kijani." Mjini kwetu manseba ni dereva wa pikipiki ya abiria. Neno limezoeleka kiasi kwamba hata padri analitumia. Nikaridhika, nikamwandikia dada yangu Mitwaba, kwa kuwa yeye ndiye redio ya ukoo: akimwambia mtu mmoja, wote wamejua. Nilimwandikia awaambie wasije kunipokea: "Ambia bantu bote basikuye ku ndege. Manseba atanibeba."

Sasa, sisi ni watu wa kaskazini. Babu zetu walishuka kufanya kazi ya reli, na lugha yetu walishuka nayo. Katika lugha hiyo manseba ni kaka ya mama, hakuna mwingine. Ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu watoto wa dada yake. Dada yangu, huko Mitwaba, alisoma ujumbe wangu akaona ndugu yake amekomaa kweli: amewaacha wote, amemchagua mjomba. Akampigia simu, na mjomba, kwa furaha ya kuitwa, hakutaka kwenda peke yake.

Ndege ilitua kabla jua halijachomoza. Nilipita kwenye madawati yote ya ukaguzi bila kumpa mtu kitu, nikachukua sakoshi yangu ya kijani, nikatoka nikiwa nimetulia kama mtu anayetoka kwake kwenda kununua mkate. Vigelegele vikanipasukia usoni. Walikuwepo shangazi, wake za wajomba wadogo, binamu yule yule, na katikati yao mjomba wangu ndani ya koti lake la siku za reli, lenye vifungo vya shaba, na kofia ameishika kifuani.

"Muangalie!" binamu akapiga kelele. "Anatoka Mputu na masandali! Hata mi niko na viatu!"

"Nyamaza," mjomba akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. Sauti yake haikuwa ile ya siku ya bia. "Mwana wa dada yangu. Uliniita, nilikuya. Basi nililipa mimi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia."

Sikuelewa. Nilikuwa bado nimeshikwa mkono naye wakati kijana mmoja mwenye koti la plastiki na kofia ya chuma alipotokea nyuma ya umati, akipunga mkono juu ya vichwa vya watu.

"Patroni wa sakoshi ya kijani! Patroni! Manseba iko hapa!"

Mjomba akageuka polepole. "Nani anajiita manseba hapa?"

"Ni mi, papa."

"Weye? Weye na mama ya huyu mulinyonya ziwa moja?"

"Hapana, papa. Mi niko na moto." Akaonyesha pikipiki yake.

"Basi usiite jina yenye hauko nayo! Mi niko manseba wa damu. Weye uko manseba wa esansi!"

Manseba wa petroli! Watu wakaangua kicheko mpaka walinzi wa lango wakasogea kuona. Hata kijana wa pikipiki alicheka, akavua kofia. Lakini mjomba hakucheka. Kicheko kilipokuwa kinapungua nilimwona anahesabu mambo kichwani, na mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Akaniuliza taratibu, karibu na sikio: "Uliita nani? Mi ao huyu?"

Hapo ndipo nilipoyaona yote mawili kwa pamoja. Nikisema ukweli wa ujumbe wangu, mzee aliyevaa koti lake la heshima na kukodi basi kwa pesa ya pensheni angerudi nyumbani akiwa kichekesho cha Katuba nzima. Nikisema nilimwita yeye na kupanda basi, basi lingeelekea Katuba, kuku wangechinjwa, mikono ingenyooshwa, na yule mama wa Kasapa angempa ufunguo mwenye duka la dawa. Mtu mwingine angebabaika. Mimi sikubabaika, na sijui ni nani mwingine katika ukoo wetu angeipata njia kwa muda ule mfupi.

"Manseba," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "huyu ni wa sakoshi. Weye uko wa mimi. Kuko fasi moja mu Kasapa nataka unifikishe sasa hivi, mbele ya kufika kwetu. Beko banataka muntu mukubwa wa jamaa. Bila weye sitafunguliwa mulango."

Na hilo halikuwa uongo hata kidogo. Mwenye nyumba alitaka mtu mzima wa kusimama nami. Nilikuwa nimepanga kumwomba rafiki yangu.

Mjomba akavaa kofia yake. "Dereva!" akaita. "Kasapa!"

Nikamkabidhi kijana sakoshi, nikabaki na jalada la diploma kwapani na soksi ya faranga mfukoni. Akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaipeleka kwa masista kwa bei ile ile waliyopatana na rafiki yangu, tena bila kubeba mtu. Ndani ya basi shangazi zangu waliimba. Binamu alikaa nyuma yangu akiuliza India kuna nini, na je, nimeleta simu ngapi.

Mama mwenye nyumba alikuwa tayari amesimama nje ya chumba chake, na mwenye duka la dawa alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha plastiki anangoja nichelewe. Mjomba alishuka wa kwanza. Alipita mbele ya mtu yule kama treni inavyopita mbele ya mbuzi, akajitambulisha: jina la ukoo, kijiji cha asili, miaka ya kazi kwenye reli. Mama yule akamwinamia kichwa. Nikafungua jalada mbele ya watu wote, nikatoa dola zimenyooka kama zimetoka kupigwa pasi, nikaziweka mkononi mwa mjomba ili azikabidhi yeye. Akazikabidhi kwa mikono miwili. Ufunguo ukaja kwake, kisha kwangu.

"Mumeona bote," nikawaambia jamaa. "Pesa ya Mputu njo ile, ni ile tu. Ingine haiko."

Shangazi mkubwa akauliza: "Hata soda?"

"Hata soda, tantine. Lakini chai iko."

Kando ya barabara kulikuwa na mama anayekaanga mikate ya mafuta. Nikatoa faranga za kwenye soksi, nikanunua beseni zima pamoja na chai ya maziwa, tukala tukiwa tumesimama ndani ya chumba kitupu. Walilalamika, bila shaka. Ila hakuna aliyeweza kusema nimeficha, kwa sababu wameona kwa macho pesa ikipita mikononi mwa mzee wao. Nimeona watu wakificha pesa kwa ndugu na wakashindwa. Mimi niliitumia mbele yao, na hiyo ndiyo dawa.

Usiku niliulala kwa masista. Binamu alinung'unika kwamba nimekataa godoro la ukoo. Nikamwambia masista wanafunga lango mapema, hawapokei wageni wa wageni, na mimi nina kazi alfajiri. Mjomba ndiye aliyenitetea. "Fundi analala pahali pa kimya," alisema, na tangu siku ile hajaniita kwa neno lingine. Jumapili nilikula kwake, siku nyingine nilikula mihogo na karanga kwenye benchi langu la kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa muuza nyama ambaye friza yake ilikuwa imewashinda mafundi wawili. Walikuwa wanaijaza gesi kila mara bila kutafuta inapovujia. Mimi nilitafuta tundu, nikaliziba, nikajaza mara moja. Akaleta rafiki yake. Yule mwenye duka la dawa, aliyepata chumba mtaa wa pili, akaniletea friji ya chanjo. Baada ya wiki chache za masista nilipanga chumba cha kulala nyuma ya karakana. Nilifanya kazi mpaka hata Jumapili, nikienda misa, mikono yangu ilinuka mafuta ya kompresa, na sikuona aibu.

Siku ya kulipa niliichagua mwenyewe. Dada yangu alishuka kutoka Mitwaba, watu wa shirika walikuja moja kwa moja baada ya misa, na mama wa Kasomeno alikuwa mjini na mzigo wake wa samaki. Niliwakalisha ndani ya karakana, kati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo. Nilivaa suti, ya kwanza niliyonunua, kwa pesa ya Lubumbashi. Nikamwita kila mmoja, nikamwekea zake mkononi, na kila mmoja akasikia mwenzake amepewa. Dada yangu alilia, mzee wa shirika akasali sala ndefu kuliko nilivyotaka.

Mama wa Kasomeno alikuwa wa mwisho. Hakuzihesabu. Alizifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akazipiga kidogo kwa kiganja, kisha akanyoosha kidole kwenye friza kubwa nyeupe iliyosimama karibu na mlango, ambayo nilikuwa nimemaliza kuitengeneza siku hiyo kwa ajili ya kuuza.

"Ile ni bei gani?"

Nikamtajia.

Akanitazama, akaitazama ile friza, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi baba," akasema, "sasa njo weye utanikopesha."

Nikaita vijana wawili wa jirani, tukaibeba mpaka kwenye gari lililomletea samaki wake.