Risala nzuri niliyoiandika ikaikosesha kambi yetu ya Kinole fungu la bajeti

Wakuu, heshima yenu.

Huu uzi nimeuanza mara tatu nikaufuta. Leo mvua inanyesha hapa Moro, milima imefunikwa yote, nimekaa dirishani na chai yangu nikaona bora niseme tu. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Jina la chuo sitalitaja maana ndiko ninakopatia ugali.

Mimi ni fundi sanifu kwenye chuo kimoja cha umma. Kazi yangu kubwa ni kutunza kambi ndogo ya mafunzo iliyoko Kinole, juu kule Uluguru. Kuna mabweni mawili, kitalu cha miche, na shamba la viungo: mdalasini, karafuu, pilipili manga. Kila mwaka wanafunzi wa kilimo wa mwaka wa tatu hupanda huko mlimani wakakaa wiki kadhaa, wakifanya field pamoja na wakulima.

Kwa ambao hamjafika Kinole, asubuhi ukungu unaingia mpaka chumbani. Unaamka, lakini huna uhakika kama umeamka. Unasikia watu wakisalimiana njiani huwaoni, na harufu ya mdalasini mbichi inakuja na kuondoka. Mimi nikiwa kule nasahau hata siku ya wiki. Mke wangu husema nikirudi mjini, mwili unafika leo na akili inafika keshokutwa.

Dokta wetu, yaani mkuu wa idara, anafundisha darasani. Lakini anayewafundisha hasa ni Mama Felista, mkulima jirani wa kambi, mtu wa kanisa na mkali wa kazi. Ndiye anayewaonyesha kwamba gamba la mdalasini unalisubiri mvua inyeshe, mti ushibe maji, ndipo linachunika refu bila kukatika. Anawashika mikono mmoja mmoja. Ukiharibu anakwambia urudie, na anakaa pale pale akikuangalia.

Sasa, miaka hii bajeti imebana. Tulikuwa na gari la kambi, likaondoka. Ikafika mahali hata chakula cha wanafunzi kinajadiliwa. Bweni la wasichana likaanza kuvuja, choo kimoja kikatitia. Mwaka mmoja wasichana kumi na mmoja walihamia sebuleni kwa Mama Felista, wakalala kwenye mikeka mpaka field ikaisha.

Basi tukasikia kuna ujumbe unakuja kutoka wizarani kukagua kabla mgawanyo haujapitishwa. Fedha zilikuwa pungufu na vituo kama chetu ni vingi, kwa hiyo walikuwa wanaangalia kipi kiendelee na kipi kisimame. Dokta akatuambia wazi kwamba hii ndiyo nafasi ya kuitetea kambi. Tukishindwa, inafungwa.

Wakuu, nyie wenyewe mnatujua Watanzania na mgeni rasmi.

Tulifyeka wiki nzima. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Tukaazima darubini idara nyingine, zikapangwa mezani zinang'aa. Bweni linalovuja tukalipiga kufuli, mbele yake tukafunga turubai na viti vya vitambaa vyeupe. Choo kilichotitia tukakizungushia makuti na maua juu. Hakuna hata mmoja aliyesema tudanganye. Kila mtu aliona aibu tu, mgeni akukute na nyumba chafu.

Mama Felista alileta ndizi na mafenesi. Akanivuta pembeni akaniuliza, "Nikiulizwa, niseme paa linavuja?"

Nikamwambia, "Hapana Mama, leo tuwapokee kwanza. Shida zitasomwa kwenye risala."

"Haya mwanangu. Ninyi ndio mnaojua kuandika."

Na risala nilipewa mimi. Pale idarani mimi ndiye wa Kiswahili, mialiko ya harusi, shukrani za msiba, vyote vinanipitia. Niliandika asubuhi moja nimekaa kwenye ngazi ya kambi.

Nilianza na paa, kweli kabisa. Halafu ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, jua likapenya katikati yake, nikaona hilo paa linaniharibia aya. Nikalisogeza chini. Nikaandika jinsi milima inavyowalea vijana wa taifa, jinsi mwanafunzi anavyoteremka na harufu ya viungo viganjani. Kila nikifuta neno la shida, linakuja zuri zaidi la kuweka pale. Nilikuwa kama niko usingizini, usingizi mtamu. Mwisho matatizo yetu yote yakabaki mstari mmoja: "Changamoto hazikosekani, nasi tunaendelea kuzikabili kwa ari."

Dokta akaisoma, akanipiga bega. Hata yeye hakushtuka.

Siku ya ugeni kiongozi wa msafara alikuwa mama mmoja mtulivu, na daftari dogo mkononi. Niliposoma, uwanja mzima ukanyamaza. Nikamwona yule mama amefumba macho anasikiliza. Sitawaficha, nilifurahi sana. Miguu yangu sikuisikia chini.

Baada ya pilau akasimama. Akasema amepita vituo vingi na kote ni vilio, ila hapa ameona watu wanaojimudu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Mgawanyo ulipotoka, Kinole haikuwemo. Waliandika kwamba kituo kiko katika hali nzuri na kinaweza kujiendesha, hivyo fedha zipelekwe kwenye uhitaji zaidi. Mwaka ule mdalasini ungefundishwa kwa projekta.

Dokta alijifungia ofisini mpaka mchana. Alipotoka alinituma nikamwambie Mama Felista, maana yeye hakuweza.

Nilichukua bodaboda barabara ya Matombo, nikasimama Mkuyuni nikamnunulia sukari na sabuni. Najua nilikuwa nachelewesha tu safari. Nilimkuta nje kwake anachuna mdalasini. Nikampa shikamoo, akaitikia huku kisu kinaendelea, akauliza, "Watoto wanapanda lini?"

Nikamwambia hawapandi.

Kisu kikasimama. Akauliza kama niliwaambia habari za paa. Nikasema paa lilikuwemo kwenye risala mwanzoni, halafu likatoka. Akataka aisikie hiyo risala. Nikaifungua kwenye simu nikamsomea yote, na hapa niseme ukweli wa aibu: nilisoma kwa madaha. Yale maneno yalikuwa bado yananipendeza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Pazuri sana. Huko ni wapi?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kabisa. Nilikaa kwenye gogo pale nikalia, mtu mzima na mke na watoto.

Aliniacha nimalize. Halafu akaniambia nitoe karatasi, niandike anavyosema, nisiongeze. Mara mbili aliona kalamu inachelewa akasema, "Hilo la kwako, futa." Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Mimi ni Felista, mkulima wa Kinole. Bweni la wasichana linavuja. Siku ile mlikaa mbele yake. Choo kimoja kimetitia, ndicho kile chenye maua. Darubini mlizoziona ziliazimwa. Watoto kumi na mmoja walilala kwangu, na wakija tena watalala. Mimi nawafundisha kuchuna mdalasini, na hilo huwezi kulijua mpaka ushike kisu. Naomba waje."

Dokta aliishika muda mrefu. Ikitoka hiyo, na yeye ameumbuka. Mwishowe akaandika barua ya kuisindikiza, akasaini, tukaweka na picha, ikaenda.

Zikapita wiki. Siku moja nikapigiwa simu, ni yule mama wa wizarani. Alisema ana karatasi mbili mezani. Akaniuliza bila ukali wowote, "Hizi ni kambi mbili au moja?"

"Moja."

"Na ya kweli ni ipi?"

Nikamwambia ya kweli ni ya Mama Felista, ile nyingine niliandika mimi.

Kisha akasema, "Ile yako nilimsomea mume wangu nyumbani. Siku ile nilikuja natafuta neno la kuwatetea nalo, ndugu yangu. Hamkunipa."

Wakuu, hiyo sentensi mpaka leo naisikia.

Kwa mwaka ule hakuwa na la kufanya, mgawanyo ulishapita. Ulipofika mwaka uliofuata aliingia kikaoni na barua ya Mama Felista. Tukapata chakula cha wanafunzi na mabati. Gari hatukupata, na sidhani kama tutapata karibuni. Mimi nilipewa barua ya onyo na nikaipokea bila kubisha.

Lakini lile darasa moja halikupanda. Wameshahitimu. Juzi kanipigia mmoja wao, sasa ni afisa ugani huko mkoa mwingine. Wakulima walimwita shambani awaonyeshe kuchuna mdalasini, wote wamemzunguka wanasubiri. Akajitenga pembeni akanipigia, anaongea kwa kunong'ona, "Kaka, naanzia wapi?" Nilijaribu kumweleza. Na maneno yangu yote haya, nilishindwa.

Nilichojifunza: ukienda kuomba, usione aibu kuonyesha panapovuja. Yule aliye mbele yako huenda anatafuta sababu ya kukusaidia, na wewe umeifunika kwa vitambaa vyeupe. Na sisi tunaopenda maneno mazuri tuchunge zaidi, kuna mtu atayalipia na si sisi.

Mlioko vyuoni, shuleni, zahanati, nawasikiliza. Akija mgeni rasmi huko kwenu, huwa mnaficha nini? Semeni, hata bila kutaja mahali.