Nilimpimia Mama Dakika Kumi na Tano

Admin, nifiche jina, maana nusu ya Kakuma iko kwenye ukurasa huu na wengine tunakula nao chakula cha mchana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba. Nafanya kazi kwenye shirika fulani hapa Kakuma, mume wangu na watoto wako Lodwar, na kila Ijumaa mchana gari la ofisi hunipeleka kwao. Mtanitukana, najua. Lakini someni hadi mwisho kwanza.

Mimi ni mtu wa ratiba, sijifichi. Kazini ni mimi niliyekuwa nawafundisha wageni kupanga siku: asubuhi ripoti, baada ya chai mikutano, simu za nyumbani Jumapili saa kumi hadi kumi na nusu. Watu wa kuchelewa walinikera kupita kiasi. Mwenzangu mmoja wa Burundi alifiwa na shangazi yake, akaja kuniaga, nikamwambia atume barua pepe. Nilisifiwa kwa hayo. Nikapandishwa cheo, nikazidi.

Mama yangu alikuwa anaishi kijijini Lopur na mbuzi wake. Jumanne moja akaja ofisini kwa bodaboda bila kunipa habari. Askari wa getini akanipigia, "Madam, mama yako ako hapa." Nilikuwa na mkutano saa tano. Nikamkalisha, nikamwambia, "Mama, una dakika kumi na tano," nikaweka simu mezani ihesabu.

Mnaotujua mnajua mzee wa Kiturkana hawezi kukurushia jambo lake mlangoni. Kwanza salamu: Ejok, hujambo? Ejok-nooi, sijambo sana. Watoto je? Baba yao? Lodwar mvua imenyesha? Kisha akanipa habari za mbuzi mmoja mmoja, yupi amezaa, yupi ameliwa na fisi, halafu akaingia habari za jirani mmoja aliyehama. Alikuwa anajipangusa macho kwa shuka. Nikadhani ni vumbi la barabarani. Kusema kweli sikumtazama, nilikuwa najibu barua pepe huku naitikia "mm, mm". Simu ikalia. Nikasimama.

"Mama, muda umeisha. Mengine utaniambia Jumapili."

Akainuka. "Haya, mwanangu. Fanya kazi." Akatoka akipapasa ukuta. Nikafikiri ni uzee tu, nikakimbilia mkutanoni.

Jumapili nilipiga simu ya jirani yake mwingine. Jirani akasema, "Mama amelala, kichwa inamsumbua." Nikashukuru, nikakata, nikaweka alama kwenye daftari kwamba mama nimempigia. Jumapili iliyofuata hata sikupiga.

Mwezi ulipoisha kaka yangu akamleta hospitali Lodwar. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho mpaka likatunga usaha. La kushoto lilikufa zamani na hakuwahi kutuambia. Hili la kulia ndilo lililomtoa Lopur siku ile. Alitaka nimpakie tu kwenye gari la Ijumaa, afike hospitali. Na nafasi ilikuwepo! Daktari alisema angeletwa mapema lingeokoka. Sasa mama haoni kabisa.

Niseme na hili ili mnichukie vizuri. Neno langu la kwanza pale wodini halikuwa pole. Nilimfokea. "Mama, mbona hukuanza na macho? Ulinihesabia mbuzi wote!"

Akajibu taratibu, "Mtu atasemaje shida yake kabla hajajua kama watu wako wazima? Nilikuwa nakaribia kufika."

Nilitoka nje nikalia mpaka wauguzi wakaniletea kiti.

Sasa anakaa kwa kaka, hapo Lodwar, nami nimechukua likizo yangu yote. Juzi kaka aliita kikao cha familia. "Wewe ndio umeua macho ya mama," akaniambia mbele ya watoto wangu. "Uache hiyo kazi ukuje umshike mkono. Ofisi itafute mtu ingine." Mungu ni shahidi, nilikuwa tayari kuandika barua ya kuacha kazi usiku huo huo. Mama akainua mkono tunyamaze.

"Mwacheni arudi kazini. Watanishika wengine."

Na kweli wanamshika. Binti yangu anamshika, mke wa kaka anamshika, hata mama anayetuletea maji. Jana asubuhi nilimshika kiwiko akienda choo. Akautoa mkono wake kwa upole kabisa, akaendelea peke yake, akajikwaa kwenye ndoo akaanguka. Damu ilimtoka mdomoni. Nilipoinama kumwinua akanijua kwa harufu ya mafuta yangu, akageuza uso.

"Muite mtoto," akasema. Akabaki pale chini akimsubiri binti yangu.

Likizo yangu inaisha Jumatatu. Nishaurini jamani, nifanye nini? Niache kazi nikae na mtu asiyetaka hata nimguse, au nirudi Kakuma kama alivyosema? Na kama kuna aliyewahi kukataliwa mkono na mama yake mzazi akakubaliwa tena, aniambie alianzia wapi.